Mnyororo Ndani ya Mnara

Tulipomzika Mzee Ntahondi kule Kasanda mwezi uliopita, jirani yake mwenye mashine ya kusaga aliizima siku zote za kilio. Hakuna aliyemwomba. Akina mama walibeba mahindi yao vichwani hadi kijiji cha pili, wakarudi na unga bila kunung'unika. Wajukuu wa marehemu, waliokuja na basi kutoka Kasulu, waliniuliza, "Shangazi, mashine imeharibika?" Nikawaambia hapana, mashine ni nzima kabisa. Kwetu Buha, nyumba ikiwa na msiba, majirani hawashiki jembe wala hawatwangi, kwa sababu sauti ya kazi inamkanyaga aliyelala. Walinitazama kwa heshima, kama vijana wa leo wanavyomtazama mtu mzima anayesema mambo ya zamani, kisha wakarudi kwenye simu zao. Mimi nilibaki pale uani, kwenye kiti cha plastiki, nikiusikiliza ukimya wa ile mashine, na ukimya ule ulinirudisha kwenye mwaka ambao nimekuwa nikikwepa kuuandika.

Ulikuwa mwaka wa mvua kubwa, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, binti mwembamba mwenye cheti na spana mbili, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupaka grisi. Daraja la barabara ya kwenda kambini lilikuwa limechukuliwa na maji, na bonde lililokuwa na matete na vipepeo likawa ziwa la rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo kulikuwa na wakimbizi wengi kutoka Burundi waliotegemea mahindi yaliyokuja kwa malori. Malori yalifika ukingoni yakasimama. Shirika moja likaleta vifaa vya zamani kutoka mgodi uliofungwa mbali kusini, wakasimamisha minara ya chuma kutoka upande wetu hadi ule, wakatandaza juu yake kamba nene ya chuma iliyounganishwa ncha kwa ncha, inayozunguka bila mwisho kwa nguvu ya injini ya dizeli. Kwenye kamba hiyo vilining'inia vikapu vya chuma, kila kimoja gunia moja. Vilikwenda vikiwa vimejaa na kurudi vitupu, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Nililala kwenye chumba cha mabati nyuma ya ghala. Kilikuwa na harufu ya magunia na dizeli, na panya walipita juu ya boriti kama watu wenye shughuli zao. Mchana tulikula pamoja kwenye meza ya mbao zilizotolewa kwenye makasha: ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na siku nzuri dagaa wa Kigoma. Mezani pale ndipo nilipojifunza karibu kila kitu. Aliyetufundisha ni Mhandisi Mbwambo, Mpare mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekuwa amesoma ufundi katika nchi ya theluji. Siku moja alitueleza kwamba huko minara kama yetu hubeba watu. Wanaketi kwenye viti, wanapandishwa mlimani, halafu wanateremka kwa kuteleza.

Nduwimana, kiongozi wa wapakiaji, Mrundi mwenye kifua kipana na utani usioisha, aliacha kutafuna. "Wanapandishwa ili wateremke?"

"Ndiyo."

"Wakishateremka?"

"Wanapandishwa tena."

"Mhandisi," Nduwimana akasema kwa huruma ya kweli, "hao watu hawana mashamba?"

Tulicheka hadi maharage yakapoa. Lakini Mbwambo alingoja tumalize, akasema kwamba huko theluji au huku matope, adui wa mnara ni yule yule, nao ni mtikisiko. Ngoja nikueleze kama alivyonieleza mimi, kwa sababu si jambo gumu, na ukilielewa utaelewa mengine yote. Chukua mwanzi mrefu, uuchomeke ardhini, uvute ncha yake kisha uiachie. Utayumba kwa mwendo wake wenyewe, wala huwezi kuulazimisha uwe na mwendo mwingine. Mnara wa chuma ni hivyo hivyo. Sasa mfikirie mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma ovyo, haendi popote. Ukimsukuma kila anaporudi, hata kwa kidole kimoja, anaruka hadi unaogopa. Si lazima umsukume kila safari. Msukume kila anaporudi mara ya tatu, lakini usikosee wakati, na bado ataruka. Kila kikapu kinapopita juu ya magurudumu ya mnara kinaugonga kidogo. Pigo moja si kitu. Mapigo mengi yanayofika kwa wakati sawa na bembea ya mnara ndiyo yanayovunja chuma, nayo hayavunji kwa kishindo. Yanachosha chuma taratibu, mahali palipounganishwa kwa moto, hadi siku moja kinakatika kwa upepo usiotosha kupeperusha kanga.

Kwa hiyo Mbwambo alifanya kila alichoweza. Magurudumu aliyavisha mpira wa matairi ya lori. Nyaya za kushikilia mnara alizikaza kwa nguvu zisizolingana, ili zisiimbe pamoja. Na akawaagiza wapakiaji wasining'inize vikapu kwa nafasi sawa: kimoja wakiwahishe, kingine wakicheleweshe. Hilo la mwisho ndilo lililoshindikana. Wale wanaume walikuwa wakulima na wana wa wakulima, na hawakujua kunyanyua mzigo bila wimbo. Nduwimana alianzisha, wenzake wakaitikia, na gunia liliingia kikapuni pale pale kiitikio kinapoangukia. Asubuhi walijitahidi kuchanganya. Kufikia saa nne vikapu vilikuwa vimejipanga juu ya bonde kama shanga.

"Imbeni basi wimbo uliopinda," Mbwambo aliwaambia.

"Mhandisi, wimbo ukipinda mgongo nao unapinda," Nduwimana akajibu. "Dada Skola, mwambie mkuu wako. Tukinyamaza, tutabeba nusu."

Jioni ile, Mbwambo akiosha mikono, nilimsikia akijisemea kwamba hawezi kuwakataza watu kuimba, basi ataufundisha mnara uvumilie. Mnara uliomtia wasiwasi ulikuwa ule wa mwisho upande wetu, uliosimama ukingoni kabisa mwa maji, kwa sababu kutoka hapo kamba iliruka bonde lote bila kupumzika. Nao, kama mingine, ulikuwa bomba pana lenye uwazi ndani. Alitafuta mnyororo mzito, akauvisha vipande vya mpira hapa na pale, akauning'iniza ndani ya bomba kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Mnara ukiyumba kwenda kushoto, mnyororo unachelewa. Unapofika, mnara umeshaanza kurudi, wanakutana njiani na kugongana. Kila mgongano unakula sehemu ya mtikisiko na kuugeuza kuwa sauti. Ukisimama chini ulisikia ndani ya chuma mtu akipiga kwa ngumi iliyofungwa kitambaa: du, du-du, du.

"Sauti hiyo ndiyo afya yake," Mbwambo aliniambia. "Kazi yako kila siku ni kuisikia. Halafu weka kiganja kwenye bomba. Mnara ukitetemeka na sauti ipo, sawa. Ukitetemeka na sauti haipo, piga simu kabla hujaondoa mkono." Chini ya mnara tulifunga simu ya waya ya kuzungusha kwa mkono, iliyofika hadi kwenye injini.

Lakini sauti iliyokuwa afya kwangu haikuwa afya kwa waliokaa karibu nayo. Jirani na mnara palikuwa na nyumba chache, na mlinzi wetu, Mzee Ntahondi huyu tuliyemzika, alikuwa mwenyeji wa hapo. Nilipokuwa nikipaka grisi niliwasikia wanawake waliokuja kuchota maji wakisema kwa sauti za chini. Mmoja alisema kinachogonga ni wale waliokwenda na daraja. Mwingine akasema hapana, mnara unaita. "Unaita nani?" "Unafikiri utajitaja?" Niliwaeleza habari za mnyororo, nikawafungulia hata kimlango kidogo kilichokuwa chini ya bomba wauone mwisho wake. Walichungulia, wakanishukuru, wakaondoka wakitembea haraka kuliko walivyokuja. Maji nayo yalikuwa yakipanda. Kila asubuhi matete machache zaidi yalikuwa yamezama, na vitu vilipita polepole katikati ya bonde: paa la nyasi lililo zima, mgomba, mbuzi aliyevimba. Ulifika wakati ambao mimi mwenyewe nikilala chumbani mwangu cha mabati nilikuwa naisikia ile du-du kichwani, ingawa mnara ulikuwa mbali mno kusikika.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nilikuwa nimepelekwa Kibondo mjini kufuata grisi, na matope yakanishika huko. Niliporudi ilikuwa mchana, mawingu yamekaa chini juu ya vilima, na nilikula kwa haraka nikashuka kwenda mnarani. Njiani nilisikia vilio kutoka nyumbani kwa Mama Yeremia, nyumba iliyo karibu zaidi na mnara. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amefariki kwa homa. Nilivua kilemba cha kazi, nikapita taratibu. Nilipofika mnarani nilijua jambo moja kabla sijajua ni lipi. Bonde zima lilikuwa kimya. Kamba ilipita juu, vikapu vilipita, magurudumu yalilia kidogo kama kawaida, na ndani ya bomba hapakuwa na kitu.

Niliweka kiganja. Mnara ulikuwa hai. Haukutetemeka kwa wasiwasi kama siku zote. Uliyumba kwa utulivu, kwenda na kurudi, na kila kikapu kilipogonga uliyumba kidogo zaidi. Nyaya za kushikilia hazikuonekana vizuri, zilikuwa ukungu kwa kutetemeka. Nikapiga magoti kutazama msingi. Kuzunguka bolti palikuwa na unga mwekundu, laini kama poda, ukitoka wenyewe kwenye kiungo. Chuma kilikuwa kinajisaga.

Nilizungusha simu. "Mhandisi, mnyororo haugongi. Na bolti zinatoa vumbi."

"Vumbi la rangi gani?"

"Jekundu."

"Skola, tazama ng'ambo. Unaona kitambaa chekundu kwenye kamba?"

Niliona. Mbali, juu ya maji, kati ya vikapu vitupu vinavyorudi, kilikuja kile kikapu kirefu tulichokiita kitanda, kilichofungwa kitambaa chekundu. Sheria ilikuwa mtu asipande. Lakini zahanati ya kambini ilipozidiwa, walitupigia, na tukamvusha mgonjwa akiwa amelala.

"Ni mama mwenye uchungu," Mbwambo akasema. "Anaitwa Espérance. Ana uchungu tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Gari linamsubiri hapa."

"Zima injini!"

"Nikizima ataning'inia katikati ya maji, na kamba nzito hivi ikisimama itaupiga mnara teke. Wapakiaji nimewanyamazisha, lakini vikapu vilivyokwisha kwenda vimekaa nafasi sawa, hakuna wa kuvipangua huko angani. Nitapunguza mwendo kidogo kidogo. Wewe tafuta kwa nini huo mnyororo umenyamaza."

Kimlango cha chini kilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa kwa mlinzi. Nilichungulia kwenye ufa, nikaona. Mnyororo ulikuwa umevutwa ubavuni mwa bomba na kufungwa kwa kamba ya katani, nadhifu, mizunguko imelala moja juu ya nyingine, na magunia yamesokotwa katikati ili hata pete moja isigonge. Ilikuwa kazi ya mtu aliyefunga kwa upole, kama unavyofunga mzigo usio wako. Wala sikuhitaji kuuliza ni nani.

Mzee Ntahondi nilimkuta kando ya kaburi, akiwasaidia wachimbaji. Nilimwita pembeni, nikanong'ona. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Mwana wanje, mwanangu, hapa leo hapasemwi chuma."

"Mzee, mnara unaweza kuanguka. Kuna mtu anakuja juu yake."

"Mama Yeremia aliniomba. Alisema kile kitu kinapiga kichwani mwa mtoto wake. Mwashi ameacha kazi, watu wameacha majembe, kinu kimelazwa chini. Kibaki kugonga chuma cha wageni tu?" Alipangusa uso kwa kiganja chenye udongo. "Nilimpa neno langu. Ufunguo huu nitautoa akisema yeye."

Wengi mtamwona mkaidi. Nami pale nilimwona hivyo, na nilitamani kumpokonya. Leo, baada ya kukaa kwenye kilio chake mwenyewe, naelewa alikuwa amefanya jambo la adabu kabisa, na kwamba mnara haukuwa na namna ya kujua adabu. Nilikuwa nimewaeleza wanawake wale kitu kinachogonga. Nadhani niliwaeleza vizuri. Kwamba kugonga huko ndiko kunakoushikilia mnara, hilo nililiona dogo, nikaliruka.

Niliingia ndani. Chumba kilikuwa na giza na joto la watu. Wanawake walikuwa wameketi kwenye nyasi zilizotandazwa, miguu wameinyoosha, na mtoto alikuwa katikati amefunikwa kitenge cha bluu, mfupi kuliko nilivyotarajia. Nilipiga magoti mbele ya Mama Yeremia. Sikuwa na maneno ya mahali pale, nilikuwa na maneno ya chuoni tu, kwa hiyo nikasema yaliyokuwa mafupi. Nikasema ule mnyororo ukinyamaza mnara unayumba. Nikasema kuna mwanamke anakuja juu ya kamba.

"Mwanamke gani?" akauliza mmoja wa shangazi wa marehemu, mwanamke mwenye sauti kavu.

"Wa kambini. Ana uchungu."

"Wakimbizi tena!" Shangazi akajigeuza. "Chakula chao kinatupita juu ya vichwa kila siku. Leo hata kuzika tuzikie kwa kelele zao? Mwambie asubiri. Sisi tulisubiri."

"Nyamaza, wifi," mwingine akasema, lakini bila nguvu. Nje nilisikia tone la kwanza la mvua kwenye bati, kisha la pili. Nilikuwa nafikiria kile kitambaa chekundu, kimefika wapi. Mama Yeremia hakuwa amenitazama hata mara moja. Mkono wake ulikuwa juu ya kitenge, unakinyoosha mahali ambapo hapakuwa na mkunjo.

"Amelala peke yake humo?" akauliza.

"Peke yake, mama."

"Hana hata mtu wa kumshika mkono?"

"Kikapu hakibebi wawili."

Aliendelea kunyoosha kile kitenge. "Ntahondi yuko nje?"

"Yupo."

"Mwambie nimesema atoe."

Tulikimbia, mimi na yule mzee, na mvua ikatukuta njiani. Kufuli lilifunguka, lakini kamba ya katani ilikuwa imelowa na kuvimba, fundo limekaza kama mfupa. Nilivunja kucha bila kulegeza kitu. Mnara ulikuwa unatoa mlio niliokuwa sijawahi kuusikia, mlio mwembamba unaopanda na kushuka, na kile kitanda chekundu kilikuwa kimeshaanza kipande cha mwisho cha kamba, kikiruka juu na chini kama kitu kinachovuliwa. Mzee Ntahondi alinisogeza kwa bega. Alikuwa na panga alilokatia mizizi kaburini, udongo bado mbichi kwenye makali. Alikata mara moja. Mnyororo ukatoka mikononi mwetu, ukaruka upande wa pili wa bomba, na ukagonga kwa kishindo kilichonipiga kifuani.

Mara ya kwanza uligonga ovyo. Kisha ukaanza kukutana na mnara, njiani, kila unaporudi. Niliweka viganja vyote viwili kwenye bomba na kufumba macho. Mtikisiko haukutulia mara moja. Kitu kama hicho hakitulii mara moja, kinapungua kama hasira za mtu mzima. Lakini kilikuwa kinapungua. Nilipofumbua macho, kitanda kilikuwa juu yetu kinapanda magurudumu. Kiligonga, kikayumba, kikapita. Niliona vidole vinne vya mkono vimeshika ukingo wa chuma, na kitu kingine sikukiona. Nikazungusha simu nikamwambia Mbwambo amepita, naye akasema, "Namwona," kisha akakata.

Sauti ilikuwa kubwa mno. Baada ya kimya cha asubuhi yote, ililijaza bonde. Wanaume wanne walikuwa ndiyo kwanza wanatoka mlangoni na lile sanduku dogo, na wakasimama mvuani, hawajui kama waendelee. Katekista alikatiza sala. Kila mtu aliyatazama maji, si mnara. Ndipo Mama Yeremia akatokea nyuma yao, ameshikwa mikono na wanawake wawili, na hakusimama, kwa hiyo wao nao wakatembea. Katekista akapandisha sauti. Tulimzika yule mtoto huku mnara ukigonga, na watu wachache walijikuta wanatupa udongo kwa mapigo yake, wakashtuka, wakaacha.

Espérance alijifungulia Kibondo jioni ile, mtoto wa kike, wote wawili wazima. Habari tulizipata kwa dereva. Mbwambo alishuka akaushikiza msingi wa mnara kwa vyuma vipya, akakaa siku kadhaa akikagua kila bolti bila kusema mengi. Lakini hayo yalikuja baadaye. Mchana ule, watu walipoanza kuondoka kaburini, Mama Yeremia aliniita kwa mkono. Nilikwenda nikachuchumaa karibu naye, nikitetemeka kwa baridi.

"Ameshavuka?"

"Ameshavuka, mama." Nikajikaza. "Leo hatupakii tena. Nikimwomba mhandisi asimamishe kamba taratibu, naweza kuufunga ule mnyororo mpaka kesho. Ulale bila kuusikia."

Alisikiliza. Du, du-du, du. Mvua ilikuwa inamtiririka usoni naye hakuipangusa.

"Ng'ambo kuna wagonjwa wengine?"

Sikutaka kumjibu, lakini alikuwa ananitazama. "Wapo."

"Basi uache," akasema. "Wavushe."